Ndege wa Kusi na Chumvi ya Ushuhuda

Masomo: Matendo 27 na 28, Ayubu 13:7, 1 Wakorintho 15:15, 2 Wakorintho 12:1-6



Swali la juma hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu anasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Anaongeza kidogo. Si uongo mkubwa, ni chumvi tu. Na kwa chumvi hiyo watu wanainuliwa, wanalia, pengine mmoja anaokoka. Je, mtu huyo ametenda dhambi? Wengi tutajibu haraka kwamba uongo ni uongo. Lakini Jumapili inayofuata tunaendelea vile vile, kwa hiyo jibu la haraka halijatusaidia kitu. Hebu tulichukue polepole, na safari hii tulichukue kupitia ndege.

Tunaoishi Bombolulu tunaujua upepo wa kusi. Kuanzia mwezi wa Aprili bahari inachafuka, mawimbi yanapanda juu ya mwamba, na wenye vyombo vidogo hawatoki nje, wanavua ndani ya mwamba tu. Ndugu mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani ni mvuvi wa namna hiyo. Asubuhi moja ya kusi alikuwa majini upande wa Nyali na mwenzake, wawili ndani ya mtumbwi, wingu la mvua likawafunika. Mvua ilikuwa nzito mpaka nchi kavu ikapotea machoni. Hapo ndipo alipomwona ndege juu ya mwamba. Alikuwa mkubwa, mweusi, kifua cheupe, mabawa marefu membamba yaliyokunjika katikati kama kiwiko, na mkia uliopasuka kama mkasi. Hakuwa anapiga mabawa. Alikuwa amening'inia tu kwenye upepo, kama dakika mbili hivi, kisha akainama upande mmoja na kwenda zake kuelekea kaskazini. Ndugu yetu amevua zaidi ya miaka ishirini, na hakuwahi kumwona ndege kama huyo.

Alhamisi kwenye ushirika alisema hivi, na mimi nilikuwepo: "Nilikuwa naogopa. Nikamwona yule ndege ametulia juu ya upepo ule ule uliokuwa unatutisha. Moyo wangu ukatulia. Tukangoja mvua ipite, tukarudi." Akakaa chini.

Juma la pili, kwenye kesha, mtu mwingine aliusimulia ushuhuda huo. Ndege akawa tai. Juma la tatu tai akawa anaruka mbele ya chombo akiwaonyesha mlango wa mwamba. Ilipofika kwenye WhatsApp, mtumbwi ulikuwa umeshapinduka, na eti sauti ilisikika ikiwaita kwa majina. Ndugu yetu mwenyewe hakusema hata moja katika hayo. Alikuwa amekaa viti vya nyuma, ananyamaza. Maana utasimamaje kupunguza mambo wakati watu wanapiga vigelegele na kumpa Mungu utukufu? Utaonekana adui wa uamsho.

Tuanze na ndege mwenyewe, kwa sababu anastahili. Kijana wetu mmoja ambaye hutembea na watazamaji wa ndege alimwonyesha ndugu yule picha kadhaa kwenye simu, bila kumwambia lolote, na yeye akaweka kidole kwa mmoja: frigeti. Jina hilo mabaharia Wafaransa walilitoa kwenye meli ya kivita iliyokuwa na kasi, kwa sababu ndege huyu huwafukuza wenzake hewani mpaka wateme samaki waliokula, naye akamdaka samaki kabla hajagusa maji. (Mwizi, tuseme ukweli.) Pwani ya Kenya huonekana kwa nadra, hasa upepo mkali wa baharini unapomsukuma. Makao yake makubwa katika upande wetu wa bahari ni kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli, zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa. Huko huzaliana kwa maelfu juu ya mikoko.

Mabawa yake yakitandazwa yanapita mita mbili, na bado uzito wake haufiki kilo mbili. Chakula chake kiko baharini, samaki wanaoruka na ngisi, lakini manyoya yake hayazuii maji kama ya ndege wengine wa bahari. Akikaa majini analowa, na kuinuka tena ni shida. Kwa hiyo anaishi juu ya bahari asiyoweza kupumzika juu yake. Anafanyaje? Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Henri Weimerskirch wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science habari za frigeti wa kisiwa cha Europa, kwenye Mlango wa Msumbiji, waliofungwa vyombo vidogo vya kufuatilia safari. Walikuta ndege anaweza kukaa angani mpaka miezi miwili bila kutua. Anatafuta mawingu yanayopanda, anaingia ndani yake, mahali ambapo rubani wa ndege ya abiria hapendi kupita, na upepo wa ndani ya wingu unamnyanyua mpaka zaidi ya mita 4,000. Kisha anateleza hewani kilomita nyingi bila kupiga bawa. Mwaka huo huo utafiti mwingine uliofanywa visiwa vya Galápagos ulionyesha kwamba frigeti hulala akiwa anaruka, kwa wastani wa dakika 42 tu kwa siku.

Sasa niambie, mpendwa: ndege huyu alihitaji kugeuzwa tai?

Hapa ndipo nilipoanza kuielewa chumvi yetu. Tai tunamjua. Tai yuko Isaya 40, tai yuko kwenye kalenda ukutani, tai yuko kwenye fulana za kongamano la vijana. Yule mtu wa kesha hakukusudia kudanganya. Alisikia jambo jipya ambalo hakuwa na mahali pa kuliweka, akaliweka kwenye kabati la mambo aliyoyazoea. Na chumvi huwa hivyo siku zote. Mgonjwa aliyepata nafuu polepole kwa miezi minane lazima awe alipona "papo hapo". Aliyepata kazi baada ya kuhojiwa mara tano lazima awe aliitwa na mtu asiyemjua. Tunafikiri tunamwongezea Mungu utukufu, kumbe tunamrudisha kwenye mambo tuliyokwisha kumwona akifanya, kana kwamba haruhusiwi kufanya mengine.

Dada mmoja aliniuliza swali ambalo sikutaka kulipita: "Mtumishi, kama Mungu alimtumia punda wa Balaamu, si anaweza kutumia na hadithi iliyoongezwa?" Anaweza. Sitambishia. Lakini usome tena Hesabu 22. Punda yule alisema ukweli mtupu: kwamba yeye ndiye mnyama aliyembeba Balaamu siku zote, na kwamba hakuwa na desturi ya kumfanyia hivyo. Katika sura ile nzima, punda ndiye shahidi mwaminifu kuliko wote.

Maandiko yana mtu aliyeuliza swali letu waziwazi, naye ni Ayubu. Rafiki zake walikuja kumtetea Mungu, na hoja zao zilikuwa nzuri, hata leo zingepata amina. Ayubu akawauliza kama wanataka kusema udanganyifu kwa ajili ya Mungu. Tazama mwisho wa kitabu Mungu alimkasirikia nani. Si Ayubu aliyelalamika. Ni wale waliomtetea. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya ufufuo, anasema kama jambo hilo halikutokea basi wao mitume ni mashahidi wa uongo juu ya Mungu. Hakusema, "Hata hivyo limewatia watu moyo." Kutia moyo hakukumtosha.

Lakini nataka tuache aya kidogo tutazame watu, kwa sababu swali la "kuna ubaya gani" ni swali la kuuliza nani anaumia.

Katikati yetu yuko mama ambaye mwanawe alitoka kwenda baharini msimu wa kusi na hakurudi. Chombo kilipatikana. Yeye hakupatikana. Mama huyo huja kwenye kesha. Alikuwepo usiku ule tai alipotangazwa, amekaa upande wa akina mama, leso mabegani. Akasikia kwamba Bwana alituma tai aongoze mtumbwi mpaka ndani ya mlango wa mwamba. Watu wakaruka. Yeye je? Lazima alirudi nyumbani na swali: mwanangu hakutumiwa ndege kwa nini? Alikuwa na dhambi gani? Mimi sikuomba kwa bidii?

Kama jambo lile lilitokea kweli, basi mama atalibeba swali hilo, na sisi tutalibeba pamoja naye. Mungu ni Mungu, anafanya apendavyo, na kanisa halifichi matendo yake kwa kuogopa kumuumiza mtu. Lakini kama halikutokea? Basi tumemtwika mama wa watu mzigo ambao Mungu hakumtwika. Tumeutengeneza sisi kwa midomo yetu, usiku, tukiimba. Kwangu mimi hilo ndilo linalokata shauri. Chumvi ya ushuhuda haiishii kwa anayeinuliwa. Inafika pia kwa mwenye kidonda.

Wale wanaofuata ndege wamejifunza nidhamu ambayo sisi watu wa ushuhuda tungeweza kuiazima bila aibu. Kuna mradi unaoitwa Kenya Bird Map, ambapo mwananchi wa kawaida huandika ndege aliowaona na mahali alipowaona, ili ijulikane wapi wapo na wapi wanapungua. Ukiandika shomoro na kunguru, hakuna neno. Ukiandika ndege adimu, unaulizwa. Alikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Ulimtazama kwa muda gani? Nani mwingine alimwona? Na umejuaje kwamba hakuwa ndege mwingine anayefanana naye? Afrika Mashariki ina hata kamati ya kupima habari za ndege adimu. Hawakuulizi kwa sababu wanakuona mwongo. Wanakuuliza kwa sababu jambo likiwa kubwa, linastahili kulindwa.

Kijana wetu alimuuliza ndugu maswali hayo yote, tukiwa tumekaa nje kwenye benchi. Bahari yetu ina aina mbili za frigeti, mkubwa na mdogo, na majike na makinda yao huchanganya hata wazoefu. Alama moja ya kuwatenganisha ni weupe kwenye kwapa: frigeti mdogo ana utepe mweupe unaoingia chini ya bawa. "Uliuona?" Ndugu akafikiri. Kifua cheupe aliona, ana hakika. Kwapani, na mvua ile, hapana. Na mwenzako? Mwenzake alikuwa ameinama akitoa maji kwa kopo, hakuona ndege wala chochote. Basi kijana akaandika: frigeti, mmoja, aina haikutambuliwa, shahidi mmoja.

Mzee mmoja aliyekuwa pale alicheka. "Sasa hayo ndiyo nini? Aina haikutambuliwa?" Aliona ni kama kushindwa. Mimi nilimkumbuka Paulo. Katika 2 Wakorintho 12 anaeleza jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, mtu kunyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na humo humo, mara mbili, anasema hajui kama ilikuwa katika mwili au nje ya mwili. Mungu ndiye ajuaye. Nani angemkatalia kama angechagua moja? Hakuna shahidi mwingine, imepita miaka kumi na minne, Wakorintho wanataka makubwa. Anasema hajui, na anaeleza sababu: hataki mtu amhesabie zaidi ya kile anachokiona kwake au kukisikia kutoka kwake. Yaani Paulo alijiwekea mpaka, watu wasimwamini kupita kiasi.

Mahali pasipo na mpaka huo, tunajua mwisho wake, na sisi Wakenya tuna mfano wetu. Richard Meinertzhagen ndiye afisa Mwingereza aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani, kisha akaandika habari hiyo kwa namna iliyomfaa yeye. Wasiojulikana wengi ni wale ndege wake. Alikuwa mtu mkubwa katika elimu ya ndege, na maelfu ya ngozi za ndege alizokusanya zikaingia jumba la makumbusho la Uingereza. Alikufa mwaka 1967 na heshima yake. Ni katika miaka ya 1990 watafiti walipochunguza na kukuta kwamba ngozi nyingi aliziiba kwenye makusanyo ya wengine, akabandika karatasi mpya zenye mahali na tarehe za kubuni.

Kulikuwa na bundi mdogo wa msitu huko India, ambaye mara ya mwisho alikuwa amepatikana kwa hakika mwaka 1884. Meinertzhagen alidai alimpata mmoja mwaka 1914, na waliomtafuta baadaye wakaifuata habari yake, wasipate kitu. Watu wakaanza kufikiri bundi huyo amekwisha duniani. Pamela Rasmussen, baada ya kugundua udanganyifu huo, aliiweka kando habari ya Meinertzhagen, akafuata zile za zamani zilizokuwa za kweli, na mwaka 1997 yeye na wenzake wakamkuta bundi yule, mzima, amekaa juu ya mti mchana kweupe.

Nataka mlione lile lililompata Meinertzhagen baadaye. Si kwamba uongo wake tu ulikataliwa. Na kweli yake pia haiaminiki tena. Bila shaka wako ndege aliowaona kwa macho yake, lakini leo karatasi yenye jina lake haitegemewi mpaka ithibitishwe na kitu kingine. Mapenzi yangu kwa kanisa hili yananifanya niogope hapo. Humu ndani kuna watu ambao Mungu amewaponya kweli. Nawajua. Siku jirani wa Kisauni atakapouliza, sitaki ajibiwe, "Aah, wale wa pale? Wale huongeza."

Sasa tumtazame Luka, kwa sababu naye alikuwa kwenye dhoruba. Matendo 27 ni sura ya miujiza: malaika amesimama karibu na Paulo usiku, na watu wote wameokoka. Lakini isome uone inavyoandikwa. Upepo unatajwa kwa jina lake. Usiku ni wa kumi na nne. Mabaharia wanapima kina cha maji wanapata pima ishirini, wanakwenda mbele kidogo wanapima tena, kumi na tano. Watu chomboni ni 276. Nanga zinazotupwa ni nne, na zinatupwa nyuma ya meli. Mtu anayeandika hivi hana haja ya tai. Na pale malaika anapotokea, Luka hasemi alimwona yeye. Anaeleza kile Paulo alichowaambia, basi. Alijua kutenganisha alichokiona na alichoambiwa.

Kisha wanafika Malta, na nyoka anamng'ata Paulo mkononi. Wenyeji wanasema mara moja: huyu ni muuaji, haki haikumwacha aishi. Wanangoja avimbe. Havimbi. Wanabadili shauri: huyu ni mungu! Walichoona ni kitu kile kile, nyoka mkononi, na mara zote mbili walichokiona kilikuwa sahihi. Maana waliyoibandika ndiyo iliyokosea, mara mbili katika mchana mmoja. Wangeishia kwenye nyoka wangekuwa mashahidi wazuri sana.

Wengine wataniuliza: basi unasema ndege yule hakutoka kwa Mungu? Sisemi hivyo. Ndege alisukumwa na upepo kutoka mbali, na alikuwa anatafuta njia yake mwenyewe. Sidhani alijua kuna mtumbwi chini. Na Mungu aliyemuumba akiwa na mabawa yale kwa ajili ya upepo ule anaweza kuutuliza moyo wa mvuvi kwa kumwonyesha tu. Mimi naamini alifanya hivyo. "Moyo wangu ukatulia" ni ushuhuda kamili, ni wa mtu mwenyewe, hakuna anayeweza kumpunguzia, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kumwongezea.

Kuna waliouliza juu ya ushuhuda ambao umeshakua na kuzunguka, kama huu. Utarudishwaje? Ndugu yetu alichagua njia ngumu. Alikwenda kwanza kwa yule wa kesha, nyumbani kwake, wakazungumza wawili. Haikuwa rahisi, kwa sababu yule alimwambia, "Sasa wewe unaniaibisha kwa ajili ya jina la ndege?" Wakaachana vizuri lakini si kwa furaha. Halafu Jumapili akaomba nafasi, akasema maneno yale yale aliyoyasema Alhamisi ya kwanza, akaongeza kwamba hapakuwa na tai, chombo hakikupinduka, hakuna sauti iliyosikika. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtu mmoja alisema amina kwa sauti ya chini, basi.

Baada ya ibada yule mama alimfuata mlangoni. Nilidhani anakwenda kumshukuru. Hakumshukuru. Alimuuliza, "Mwanangu, hiyo mvua ilikuwa kubwa hivyo, hata nchi kavu hamkuiona?" Akamwambia, "Ndiyo, mama, hatukuiona." Akauliza mawimbi yalikuwa yanatoka upande gani. Akauliza kama baridi ilikuwa kali, na kama mtu akiwa huko anaweza kusikia akiitwa kutoka ufuoni. Alimjibu moja moja, na yale asiyoyajua akasema hayajui. Walikaa pale mpaka mlinzi akaja kufunga geti.